Kioo Kikivunjika, Uliza Kilipoaje

Jumamosi iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sanaa na wazazi wao hapa Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, na tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Kwa hiyo naiweka hotuba yote hapa kwa walioikosa. Picha za ukutani nimeziacha.

Walimu wangu, wazazi, na ninyi wadogo zangu mliokaa huko nyuma, nawasalimu. Wakubwa, shikamooni.

Nimekuja na kitu kimoja, kipo hapa mezani chini ya kanga. Naomba kisifunuliwe kwanza. Kitu cha pili sikuweza kuja nacho kwa sababu bado kiko ndani ya tanuru, na habari zake nitawapa mwishoni.

Baba yangu, yule pale safu ya tatu, ni fundi vioo Kariakoo. Nimekulia dukani kwake. Nilijua kumtazama akikata kioo kabla sijajua kusoma. Anachovya kigurudumu cha kikatio kwenye mafuta ya taa, anakivuta juu ya kioo mara moja tu, bila kurudia, halafu anagonga kwa chini na kusikiliza. Sauti ikiwa kavu, kioo kinaachana palepale kwenye mstari. Sauti ikiwa nyingine, anasita. Siku niliyomwambia kwamba nataka kwenda kusomea kioo chuo kikuu, aliweka kikatio chini, akafuta mikono, akaniuliza: "Mwanangu, huko watakufundisha nini ambacho mimi siwezi kukufundisha?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nililitafuta miaka mitatu ya masomo Uingereza, na miaka mingine baada ya kurudi. Leo ninalo, na baba yupo, kwa hiyo nitamjibu mbele yenu.

Dukani, kioo kikivunjika kinafagiliwa. Mteja anasubiri dirisha lake, hasara imeshaingia, kazi nyingine iko mlangoni. Nani ana nafasi ya kuchutama juu ya vipande na kuuliza: kwa nini kimevunjika hapa, si pale? Kwa nini leo, si jana? Nani atamlipa fundi kwa saa hizo? Hakuna. Baba, wewe ulikuwa na ujuzi wote wa kuuliza, ila hukuwahi kupewa muda. Chuo kikuu kilinipa mimi huo muda. Unavunja, unachutama, unauliza, unaandika, unavunja tena. Hilo ndilo nililolifuata kule, na ndilo ninalotaka vijana hawa walipate bila kulazimika kupanda ndege.

Najua mzazi mmoja anajiuliza: lakini wanasoma nini hasa? Nieleze. Mwaka wa kwanza wanakuzungusha. Kuna kioo cha moto, kile cha kupuliza, ambacho unakichota kwa bomba refu la chuma kwenye tanuru lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,100. Kuna kioo cha kusubu: unatengeneza kalibu, unaijaza vipande vya kioo, vinayeyuka polepole ndani yake. Kuna kazi ya kioo baridi, kukata, kusaga na kung'arisha kwa mawe na maji, na hapo huruhusiwi kusogea bila kinga ya pua, kwa sababu vumbi la kioo na la kalibu likiingia mapafuni halitoki. Halafu kuna kuchora kila wiki, historia ya sanaa, tasnifu, na mwisho maonyesho ambayo watu wa nje wanakuja kuyatazama. Na kuna kusimama na kazi yako mbele ya darasa zima huku wanaikosoa, nawe unatakiwa ujibu. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko moto, maana mimi nililelewa kunyamaza mkubwa anapokosoa. Nilijifunza kwamba kumjibu mwalimu wako kwa hoja, kwa heshima, nayo ni sehemu ya ufundi.

Lakini hebu niwaambie habari ya gazeti, mjue kazi yenyewe inavyokuwa mkononi.

Wiki ya tatu mwalimu alikunja kurasa za gazeti, akakunja tena, mpaka likawa pedi nene ya ukubwa wa kiganja. Akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akalikamua kidogo, akaniwekea kwenye kiganja cha kulia. Akasema hicho ndicho kifaa changu. Kisha juu ya lile gazeti ukaja mpira wa kioo unaowaka rangi ya chungwa. Kati ya mkono wangu na moto ule palikuwa na karatasi mbichi tu. Mvuke ukapanda, nikasikia harufu ya karatasi inayoungua, na cheche ndogondogo zikatambaa pembeni mwa kurasa. Kiganjani nilihisi kitu kikizunguka, kizito, laini kama tumbo la mtungi mbichi. Mkono wa kushoto unazungusha bomba, na usisimame hata kidogo, kwa sababu ukisimama kioo kinalegea kama asali na kuning'inia upande mmoja. Nikasimama. Kioo kikaning'inia, kikadondoka sakafuni, kikapasuka kwa mlio ambao bado naukumbuka. Hakuna aliyefoka. Mwalimu aliuliza tu: "Ulikuwa unatazama wapi?" Nikajua nilikuwa natazama mkono wangu, kwa woga, badala ya kutazama kioo.

Hilo ndilo swali la kwanza chuo kilinifundisha kuuliza. Si "nani amevunja?" Ni "ulikuwa unatazama wapi?"

Ndugu zangu, kioo hakikuwa chuo kikuu siku zote. Kwa karne nyingi kilikuwa mali ya viwanda na siri ya familia. Mwaka 1291 serikali ya Venisi iliamuru matanuru yote yahamishiwe kisiwa cha Murano, mji usije ukaungua, na baadaye mafundi wa kule wakakatazwa kuondoka na ujuzi wao kwenda nchi nyingine. Mtu alizaliwa ndani ya kioo, la sivyo hakukijua kabisa.

Sasa njooni nami Machi 1962, mji wa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Kuna mwalimu wa ufinyanzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin anayeitwa Harvey Littleton. Baba yake alikuwa mwanafizikia kwenye kiwanda cha vioo cha Corning, kwa hiyo naye, kama mimi, amekulia karibu na kioo. Jumba la makumbusho ya sanaa la Toledo limemwazima banda. Anataka kujua jambo moja: je, msanii anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo kwenye karakana yake mwenyewe, bila kiwanda? Siku hizi linaonekana swali dogo. Wakati ule watu wa viwandani waliliona haliwezekani.

Na kweli, mambo yakaanza kwa kuharibika. Chungu cha kuyeyushia kikapasuka. Rafiki yake Dominick Labino, mtaalamu wa kioo, akalibadilisha tanuru na kuleta gololi za kioo kutoka kiwandani, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za fiberglasi. Zikayeyuka vizuri. Sasa kioo kipo, lakini nani anajua kukipuliza? Akatokea mzee mstaafu wa kiwanda cha Libbey, jina lake Harvey Leafgreen, akashika bomba, akawaonyesha.

Naomba msipite haraka hapo. Profesa alikuwa na swali. Mtaalamu alikuwa na kioo. Lakini mikono ilikuwa ya mzee aliyestaafu, mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumpa kiti kwenye ukumbi wa mihadhara. Bila mzee yule, banda lile lingebaki na kioo kilichoyeyuka na watu wasiojua wakifanye nini. Baba, unanisikia? Bila mzee yule.

Littleton alirudi Wisconsin akaanza kufundisha kioo chuoni. Mwanafunzi wake Marvin Lipofsky akakipeleka Berkeley. Mwingine, Dale Chihuly, akakipeleka chuo cha sanaa cha Rhode Island, na mwaka 1971 akashiriki kuanzisha shule ya Pilchuck, msituni kaskazini ya Seattle. Na mwaka 1979 akafika Pilchuck bwana mmoja kutoka Murano kwenyewe, Lino Tagliapietra, aliyeingia kwenye karakana za kioo akiwa mtoto. Akafundisha waziwazi yale ambayo mababu zake walikatazwa kutoka nayo. Wapo watu wa kwao walioona ni usaliti. Mimi naona alifanya jambo ambalo kila mzee mwenye ujuzi angelifanya kama angepewa darasa.

Na mwaka huohuo wa 1962, hapa kwetu Afrika Mashariki nini kilikuwa kinatokea? Kampala ilikuwa inasimamisha mnara wa uhuru, sanamu kubwa ya mtu aliyemwinua mtoto juu, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesomea Makerere. Shule ile ya sanaa ya Makerere ilianzia nyumbani kwa Margaret Trowell, barazani, katika miaka ya 1930. Barazani! Nitalirudia neno hilo baadaye.

Sasa naomba kanga ifunuliwe.

Mnachokiona ni mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, ya bibi yangu mzaa mama, iliyosubiwa kwa kioo. Na mnaona imevunjika vipande viwili, pale shingo inapokutana na kibao cha kukalia.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nilitaka kutengeneza kitu ambacho wenzangu wote kule wangelazimika kuniuliza ni nini. Mama alinitumia mbuzi yenyewe kwa mtu aliyekuwa anasafiri, imefungwa kwenye gunia, bado ina harufu ya nazi. Nikaifunika kwa mpira wa silikoni nikapata umbo lake. Ndani ya umbo lile nikamimina nta, nikapata mbuzi ya nta. Nikaizungushia plasta iliyochanganywa na unga wa mchanga. Ikishakauka unaipitishia mvuke, nta inayeyuka na kutiririka nje, kinachobaki ni uwazi wenye umbo la mbuzi. Juu yake nikaweka chungu cha maua chenye tundu chini, kimejaa vipande vya kioo. Tanuru likapanda hadi nyuzi 850, kioo kikadondoka kama shira kupitia lile tundu, kikajaza kila kona. Wiki sita za kazi zilikuwa mle ndani.

Nikafungua. Nikavunja plasta kwa uangalifu, kipande kwa kipande. Kibao kikatokea, kimejaa mwanga, kizuri kuliko nilivyoota. Nikakishika kukitoa. Kikaja peke yake. Shingo ilibaki kwenye plasta.

Nililia, sitaficha. Halafu mwalimu akaja na karatasi mbili za plastiki nyeusi, za aina inayotumika kwenye baadhi ya miwani ya jua. Akaziweka moja huku, moja kule, katikati akaweka kipande changu, akawasha taa nyuma. Kioo kilichopoa vizuri, ukikitazama hivyo, kinabaki giza. Changu kiliwaka rangi zote za upinde wa mvua, zimekusanyika pale shingoni. Ule ulikuwa mkazo. Sehemu nene na sehemu nyembamba zilipoa kwa mwendo tofauti, moja imekwisha kusinyaa na kukakamaa huku nyingine bado inavuta, na kioo kikabaki kinajivuta chenyewe ndani kwa ndani kama kamba iliyokazwa. Kilikuwa kimevunjika kabla sijakigusa.

"Ulipiga hesabu kwa unene upi?" akaniuliza. Nikafungua daftari. Nilikuwa nimepima shingo, sentimita 3. Kibao kilikuwa na sentimita 9.

Vijana wangu, sikilizeni sheria hii, kwa sababu kioo hakimsamehi mtu asiyeijua. Kikiwa kinapoa, kioo kinene lazima kipite polepole karibu na nyuzi 500, na muda wa kupita hapo haufuati unene tu, unafuata unene mara unene. Ukiongeza unene mara 2, muda unakuwa mara 4. Ukiongeza mara 3, muda unakuwa mara 9. Nilikuwa nimekipa saa 14. Kilihitaji 126.

Saa 126! Zaidi ya siku tano, na hakuna unachofanya ila kusubiri. Ukifungua mlango kuchungulia, umeharibu.

Na msidhani huo ni muda mrefu. Tarehe 2 Desemba 1934, kiwanda cha Corning huko New York kilimimina kioo cha darubini kubwa ya Mlima Palomar, California. Upana wake ulikuwa zaidi ya mita 5, uzito wake tani 20 hivi. Hilo lilikuwa jaribio la pili. La kwanza, Machi mwaka uleule, liliharibika vipande vya kalibu vilipong'oka na kuelea ndani ya kioo cha moto. Sasa hili la pili walilipoza muda gani? Wiki? Mwezi? Lilipozwa takriban miezi kumi, kwa mwendo wa chini ya nyuzi moja kwa siku. Katikati ya miezi hiyo mto ukafurika, umeme wa kudhibiti joto ukakatika, na watu wale hawakuwa na njia ya kuchungulia. Kioo kilisalimika. Kimetazama nyota tangu miaka ya 1940. Lile la kwanza lililoharibika hawakulitupa, limewekwa kwenye jumba la makumbusho la Corning, watu wanalitazama na kujifunza. Nilipolijua hilo, ndipo nilipoacha kutaka kuificha mbuzi hii.

Nilitengeneza mbuzi ya pili, ikapoa siku zake zote, ikatoka nzima. Iliuzwa. Lakini ninayotembea nayo ni hii.

Tuje kwenye sanamu. Najua neno hili hapa pwani lina uzito wake, na mzee akiniuliza baadaye nitamjibu kwa adabu zote. Ila tukumbuke kuchonga ni kwetu: milango ya Zanzibar, matumbawe yaliyochongwa Kilwa, mipingo ya Wamakonde. Uchongaji ni zaidi ya sura za watu. Ninachotaka mwelewe ni tofauti moja. Sanamu ya mpingo inaishia kwenye uso wake. Ya kioo ina ndani, na mwanga unaingia humo na kufanya kazi.

Walionifundisha hilo ni mume na mke wa Chekoslovakia, Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová, ingawa sikuwahi kukutana nao, niliona kazi zao tu. Mume alichora, mke alifinyanga na kusubu. Libenský alifundisha chuo cha sanaa Prague tangu 1963 hadi 1987. Walijua kwamba kioo kilekile cha rangi moja, kikiwa chembamba kinapauka, kikiwa kinene kinaingia giza. Kwa hiyo walichimba umbo kwa nyuma, na unene wenyewe ukawa ndio rangi yao. Mwone: unene uliovunja mbuzi yangu, wao waliutumia kama mchoraji anavyotumia wino.

Na hawakutengeneza mapambo tu. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia nchini mwao mwaka 1968, walitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya Osaka ya 1970 sanamu ndefu ya kioo, kama mto, na ndani ya mto ule wakaweka alama za buti. Wakubwa wakaamuru alama zile zisagwe zifutike. Fikirini. Serikali nzima iliogopa alama ya buti kwenye kioo.

Yuko mwingine, huyu yuko hai na ni wa karibu zaidi na wengi wenu kuliko mnavyodhani. Chris Day, Mwingereza mwenye asili mchanganyiko, alikuwa fundi bomba kwa zaidi ya miaka 20. Fundi bomba! Akaenda Chuo Kikuu cha Wolverhampton kusomea kioo na ufinyanzi akiwa mtu mzima. Hakuuacha ufundi wake mlangoni. Alichukua shaba ya kazi yake ya mabomba, akatengeneza vizimba, akapuliza kioo ndani yake mpaka kikavimba na kujitokeza kati ya nondo, na kwa njia hiyo anasimulia biashara ya utumwa ya Atlantiki. Ukisimama mbele ya kazi ile huhitaji maelezo marefu. Unaona kitu chenye pumzi kilichofungiwa.

Nilipoiona nilijiuliza: na mimi nina nini? Na sisi tuna nini?

Tuna shanga. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilibeba shanga za kioo za Venisi, mizigo kwa mizigo, kwenye mabega ya wapagazi wetu. Zile nyekundu ziliitwa samisami. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake inayoitaka, na msafara uliokosea rangi ulishindwa kununua chakula. Kioo kilikuwa fedha. Kililipia pembe za ndovu, na kililipia watu. Mwanafunzi wa Kitanzania akitaka kufanya tasnifu na sanamu juu ya samisami, nani duniani atamshinda kwa kuijua njia ile? Na kioo cha Afrika hakikutoka nje chote. Ile-Ife, Nigeria, watu walikuwa wanayeyusha kioo chao wenyewe karne nyingi zilizopita. Bida, Nigeria hiyohiyo, wanatengeneza bangili na shanga, na Wakrobo wa Ghana wanasaga chupa na kuzioka ziwe shanga mpaka leo.

Siku moja darasani mwalimu aliandika ubaoni vitu vitatu vya kioo cha kawaida: mchanga, soda, chokaa. Akaeleza kwamba mchanga peke yake unataka joto kali mno, soda ndiyo inayoushusha uyeyuke. Nikauliza hiyo soda ni ipi. Alipoeleza, nikaona ni magadi. Magadi! Yale ambayo bibi yangu anatia kwenye maharage yaive upesi. Ziwa Magadi kule Kenya limekuwa likipeleka soda kwenye viwanda vya kioo vya dunia kwa zaidi ya miaka 100, nasi tuna Ziwa Natron. Mchanga tunao. Chokaa tunayo. Chupa tupu ziko kila kona. Hapa Dar es Salaam kuna kiwanda cha chupa. Kitengela, nje ya Nairobi, wanayeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na kupuliza bilauri na sanamu. Arusha, pale Shanga, wenzetu wenye ulemavu wanapuliza kioo kutokana na chupa zilizotumika, na kazi zao zinanunuliwa na watu wa dunia nzima.

Kinachokosekana ni nini? Ni mahali pa kuchutama juu ya vipande. Mafundi wa Arusha wana oda za kumaliza, kama baba alivyokuwa nazo.

Wazazi, mtauliza atakula nini, na mna haki. Sitawadanganya. Tanuru la kioo cha moto haliruhusiwi kupoa, linakula nishati usiku na mchana, na kwa sababu hiyo idara kadhaa za Uingereza zimefungwa. Waliosoma nami, wachache wanaishi kwa sanamu. Wengine wanafundisha, wengine wanatengeneza vioo vya majengo na misikiti na makanisa, mmoja anatengeneza vifaa vya kioo vya maabara. Mimi nafanya madirisha na baba siku nne na sanamu siku mbili. Tunakula.

Ninachowaomba walimu wa vyuo mlioko hapa si tanuru la kupulizia. Anzeni na la kusubia, dogo, la umeme, linalowashwa likihitajika tu. Anzeni barazani, kama Makerere. Na siku mkianza, msimwache nje mtu anayejua kusikiliza kioo kikigongwa. Mpeni joho kama lazima, lakini awepo darasani tangu siku ya kwanza.

Baba, uliniuliza watanifundisha nini. Walinifundisha kwa nini kile kioo cha duka la mshonaji kilipasuka usiku wa manane bila kuguswa, mwaka ule tulipofidia mteja na ukadhani ulikikata vibaya. Hukukikata vibaya. Nimekipata kipande chake kwenye stoo yako, nimekiweka kati ya zile karatasi nyeusi. Kiliwaka. Kilikuja hivyo kutoka kiwandani.

Sasa ile habari niliyoahidi. Kwenye tanuru letu dogo pale nyuma ya duka kuna mbuzi ya tatu, kubwa kuliko hii, kibao sentimita 12, kwa hiyo hesabu yake ni saa 224. Kioo chake kimetoka kwenye vioo vya madirisha ambavyo baba amekata miaka yote hii, vipande vilivyobaki. Baba ndiye aliyevichagua, kimoja kimoja, kwa sauti, maana vioo vya aina mbili havikai pamoja. Leo alfajiri kabla ya kuja hapa tumesoma joto: nyuzi 310. Tutafungua Alhamisi saa nne asubuhi. Anayetaka kuwepo aandike jina lake kwenye daftari lililo mlangoni, na aje na kinga ya pua.